Mtaa Mzima Unataka Kumsindikiza Mdogo Wangu Kazini

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana moyo wangu umegawanyika na mtaa wote unanisubiri mimi niseme neno.

Mimi ni fundi cherehani, nina kiduka changu kwenye kona, ukuta mmoja na saluni ya kinyozi, na mdogo wangu wa kiume, ambaye sote tunamwita Pasi kwa sababu hakuna anayenyoosha kola kama yeye, aliugua akili akiwa bado kijana, akawa anasikia sauti, anagombana na nguzo za umeme, watoto wanamfuata kwa mawe, na kila akitoka hospitali anakaa kidogo anarudishwa, mpaka siku muuguzi wa kliniki alipokuja dukani kwangu akawaita majirani, wakakaa juu ya majora ya vitambaa, akatuambia hospitali imefanya sehemu yake na iliyobaki ni yetu.

Na nasema kwa kujivuna, unisamehe, mtaa wetu ulifanya kazi. Kinyozi anamnyoa na kumsikiliza, maana kwenye kile kiti mtu hajifichi, Mama Chai anajua siku ambayo hajala, mwenye duka la dawa anamkumbusha tarehe ya kliniki, na mimi nimemfundisha kupiga pasi na kutengeneza matundu ya vifungo. Dalili zake tunazijua sote. Akianza kunyoosha shati lilelile, analigeuza, analirudia, mpaka linanuka kuungua, tunajua hajalala, basi kinyozi anafunga saluni hata kama ana mteja aliyenyolewa upande mmoja, wanakwenda zao kliniki taratibu wakibishana mpira. Tangu tuanze hivyo hajalazwa tena. Watu wa mitaa mingine wamekuja kutuuliza tulifanyaje, na mimi nikianza kueleza, naeleza hadi chai inapoa.

Sasa amepata kazi. Fundi makochi wa upande wa pili wa mji amemchukua, anaanza Jumatatu, na amepanga chumba hukohuko. Tulifurahi, tukakumbatiana barabarani. Kinyozi akasema, "Huyu hatuwezi kumwacha aende kama kifurushi, lazima tumkabidhi." Basi tukapanga Jumatatu twende wote, tukawaelimishe wenzake karakana nzima kuhusu dalili zake, dawa zake na namna ya kuzungumza naye akivurugikiwa, na mimi nimeshakata mashati ya sare ya wasindikizaji, ya bluu, yamebaki mikono tu.

Nilipomwonyesha hayo mashati hakukasirika, na heri angekasirika. Aliweka pasi pembeni akaniambia, "Dada, mtaa huu kila asubuhi mnanisalimia kwa 'umemeza dawa?' Hakuna anayeniuliza nimeamkaje. Kule nataka nianze kwa kusalimiwa kama watu. Mkija, mimi siendi."

Nikamwuliza, "Na ukizidiwa?" Akajibu, "Fundi makochi nimeshamweleza mimi mwenyewe. Nimemwambia naumwa nini, na akiniona narudia kazi moja bila kuacha anipeleke kliniki, halafu akupigie wewe."

Hebu fikiria, mshauri, amekwenda kumweleza mtu baki mambo yetu ya ndani bila kunishirikisha mimi niliyemlea, na mimi nasikia kama habari za jirani. Nimeumia. Kinyozi anasema twende hivyohivyo, atatushukuru baadaye. Mama Chai amenuna, anasema tumwache. Mimi naogopa akianguka kule, watu wasiomjua watamfukuza kama mwizi, na kazi yetu yote iende na maji. Nifanye nini?

Fundi wa Kona

*

Fundi wa Kona,

Kwanza nikupe mkono. Mezani kwangu zinafika barua za watu waliomfungia ndugu yao chumba cha nyuma wakafungulia redio kwa sauti ili wageni wasimsikie. Yako nimeisoma nikaita wenzangu ofisini nao waisikie. Mkono mmoja haulei mwana, na ninyi mmelea kwa mikono ya mtaa mzima. Jivuneni, ni haki yenu.

Haya, sasa kaa nikuseme. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Ninyi mmetenda wema mkavuta viti mkakaa. Hivi wewe, siku yako ya kwanza kazini ungefika na kinyozi na kundi la watu wenye mashati ya bluu, mmoja anataja vidonge unavyomeza, mwingine anaonyesha unavyopiga kelele ukiugua, halafu saa ya mapumziko ungekaa na nani? Watu wangekujua kwa ugonjwa kabla hawajakuona ukishika nyundo. Kila mtu ana siri ya mwili wake, na ya huyu ni yake, hata kama mlimsaidia kuibeba.

Unasema mtaa ulifanya kazi. Ulifanya. Lakini vidonge vile hakuna aliyemmezea, na siku sauti zilipomwita huku yeye ameinama ananyoosha kola ya mteja, hamkuwa kichwani mwake. Hapo alikuwa peke yake, na kola ikanyooka.

Sasa sikiliza la kufanya. Safari ya Jumatatu ifute leo, na umwambie kinyozi mimi ndiye niliyekataza, akitaka kununa aninunie mimi. Mashati malizia mikono uyauze. Mama Chai mwombe radhi, yeye ndiye aliyeona mapema. Mdogo wako mwulize, akiwa ametulia, angependa afanyiwe nini siku akizidiwa na nini asifanyiwe kabisa, kisha uheshimu jibu lake hata likikuchoma. Muuguzi wenu awasiliane na kliniki ya kule, kama mwenyewe ameridhia, ili dawa zisikatike. Na akianguka, maana ugonjwa huu huweza kurudi, msiseme "tulijua." Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Atatibiwa, atarudi kwenye makochi yake.

Nimebakiza jambo moja, na hili umelipita mbio kwa sababu ya kununa. Mtu aliyekuwa anagombana na nguzo za umeme amekwenda kwa miguu yake kwa mwajiri, akasema naumwa hivi, dalili yangu ni hii, nisaidie hivi. Wazima wangapi wanaweza hilo? Hiyo ndiyo kazi yenu imeiva, nawe unailalamikia.

Unalia kwamba hakukushirikisha. Dada yangu, anajulikana na mtaa mzima, na ilipofika kumtaja mtu mmoja wa kupigiwa simu, alikutaja wewe. Jumatatu fungua duka kama kawaida, mwache aende, na simu yako iwe na chaji.