Kizibo cha Chupa ya Bi Raya

Jumatatu, 4 Agosti

Pancha tatu asubuhi. Kisha pikipiki kongwe ya Bi Raya, inavuja petroli kama kawaida yake. Nimefungua koki ya mafuta. Gasketi ya ndani, ile yenye matundu manne, imekatikakatika. Mpya haipatikani hapa Pemba, Chake wala Wete. Nimekata nyingine kwenye ndara ya mpira. Uvujaji umekoma. Nimejisifu mwenyewe, hakuna mwingine wa kunisifu.

Bi Raya alikuwa nesi wa chanjo. Amezunguka mashamba yote na pikipiki hii, na kovu la begani mwangu ni kazi yake. Siku hizi anashona kofia. Mpwa wake anataka pikipiki iuzwe chuma chakavu. Wamepatana: Jumamosi Bi Raya mwenyewe aende nayo Wesha na kurudi. Ikifika, inabaki. Ikimzimikia, inauzwa.

Jumatano, 6 Agosti

Aibu. Bi Raya alikuwa akiijaribu, ikamzimikia njia ya Wesha. Mpira umekunywa petroli, umevimba, matundu yamezibana. Kaisukuma mwenyewe hadi Madungu, na umri wote ule. Watu wakamuuliza fundi wake nani. Akawatajia.

Nimekasirika. Nikamwambia imekufa hiyo, aiache iende. Kaomba koki yake tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda kwake nihakikishe haharibu zaidi. Uongo. Nimekwenda kuchungulia.

Katandika kitambaa cheupe kwenye sinia, vipande vyote juu yake, kimoja baada ya kingine kama vilivyotoka. Mimi vyangu hutupia kwenye kopo. Kila kijitundu kakisukumia petroli kwa bomba la sindano. Kisha akaleta chupa ya chai ya harusi yake, yenye kizibo cha kizamani cha gome jepesi la mti. Chupa hiyo hutoka kabatini Idi hadi Idi. Akashika wembe, akakikata kizibo. Nilitaka kumzuia.

"Weye Saidi, mpira na petroli wapi na wapi? Chupa yakaa kabatini tu. Miye nataka kutembea."

Koki za zamani zilitiwa gome hilohilo, lisilovimba kwa petroli. Nilifundishwa, nikasahau.

Matundu manne kayatoboa kwa shazia, sindano yake nene, kama atoboavyo vijitundu vya kofia ya viua, bila kupima. Nikaweka kipande juu ya koki. Yamelingana yote. Nimeona wivu. Baadaye wivu ukaisha, nikabaki kumtazama mikono.

Ijumaa, 8 Agosti

Gome limelowa mafuta ya injini tangu jana. Baada ya sala tumefunga koki. Yeye kakaza skrubu, mimi nimeshika tangi. Tone moja likaning'inia. Tumelitazama. Likakauka. Halikuja jingine.

Jumamosi, 9 Agosti

Kaondoka saa tatu. Mpwa wake kakaa barazani kwangu na simu mkononi, tayari kumpigia mnunuzi. Sikugusa spana.

Nimesikia mlio kabla sijamwona. Karudi kutoka Wesha. Hakuzima, hakushuka. Kampungia mpwa wake mkono, akapita moja kwa moja njia ya Wete. Yule bwana kabaki kasimama. Mimi nimecheka mpaka nikaketi chini.

Jumanne, 12 Agosti

Kazi chache. Nimenunua kitambaa cheupe. Kabureta ya leo nimeipanga juu yake, kipande kwa kipande.

Bi Raya kapita, kaniachia chai kwenye ile chupa ya harusi. Kaiziba kwa kitambaa. Chai ilikuwa imepoa. Nimeinywa yote.