Mkato wa Ukurasa wa Kumi na Tisa

3 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba Mama anaendelea na mazoezi ya mkono. Mimi sijambo, ila macho yanailalamikia skrini.

Naambatisha rasimu ya makala yangu ya kwanza. Habari yenyewe ni hii: kuna nyota iliyokufa inayomnyonya jirani yake gesi. Gesi hiyo haiiangukii moja kwa moja. Huizunguka ikiwa imetandazika kama diski, na haiwezi kushuka mpaka iiachie gesi iliyo nje yake mzunguko wake. Nadhani kazi hiyo hufanywa na nyuzi za sumaku, dhaifu mno, zinazoifunga punje ya ndani kwa punje ya nje. Lakini katika hesabu zangu diski imetulia tuli, wala gesi haishuki. Msimamizi wangu ameniambia nilitafute kosa mwenyewe. Nimekukumbuka wewe, Kifutio, uliyekuwa ukifuta hesabu zangu kabla sijainua kalamu.

Mdogo wako,
Haraka

21 Februari

Mdogo wangu Haraka,

Marahaba. Sisi tu wazima. Mama sasa anashika kijiko kwa mkono wa kushoto, na alipoambiwa umeandika aliuliza, "Huyo bado anazunguka tu?" Nikamwambia ndiyo, na siku hizi anazunguka na nyota.

Rasimu nimeisoma kwa siku nne, darasani, wanafunzi wangu wakifanya mitihani. Kosa liko ukurasa wa saba: umejumlisha pale panapotakiwa kutoa. Geuza alama hiyo na uzi wako utafanya kazi. Punje ya ndani hukimbia zaidi. Uzi huirudisha nyuma, huinyang'anya mzunguko, nayo hushuka. Punje ya nje huvutwa mbele, hupokea kilichonyang'anywa, na kwenda mbali zaidi. Uzi ungekuwa mgumu, zingebaki pamoja. Hatua zote nimekuandikia kwa penseli, kurasa kumi na moja.

Sasa ombi langu. Taasisi yenu imetangaza nafasi kwa waliokatiza masomo. Unajua nilikatiza mwaka wa tatu, Mama alipopooza, ili wewe usikatize. Hilo sikuwahi kulisema, na leo silisemi kwa lawama. Anayeomba awe hajafikisha miaka arobaini, nami naifikisha Novemba. Tena awe na barua ya mtafiti anayeijua kazi yake. Mwisho wa kupokea ni 31 Agosti. Usinipambe. Andika tu ulichokiona katika kurasa hizo kumi na moja.

Dada yako,
Kifutio

30 Juni

Dada,

Shikamoo, na msalimie Mama. Niwie radhi kwa ukimya huu. Kazi zimenizidi kimo. Alama niliigeuza, diski ikachafuka, gesi ikaanza kushuka kama ulivyosema. Makala imetoka, nakala yako hii hapa. Watu wananipongeza mpaka ndani ya lifti.

Kuhusu lile ombi, bado nalitafakari. Si jambo la kuandikwa haraka, hata na mtu mwenye jina kama langu.

Mdogo wako,
Haraka

12 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo. Makala nimeipokea, nikaanzia mwisho, penye shukrani. Umemshukuru msimamizi wako, fundi wa kompyuta, na jirani aliyekuazima kiti. Kisha umeandika: "Namshukuru pia ndugu mmoja kwa kupitia lugha." Nilimsomea Mama. Akauliza, "Ndugu gani huyo?" Nikamjibu simfahamu.

Lugha yako sikuigusa, mdogo wangu. Ukurasa wa saba ndio niliougusa. Hata hivyo sikuombi uchapishe upya wala uweke jina langu juu ya lako. Naomba barua moja, yenye ukweli mmoja, kabla ya 31 Agosti. Uliniandikia kwamba gesi ya ndani haishuki mpaka iiachie ya nje mzunguko wake. Nilidhani ulikuwa ukinieleza habari za nyota.

Dada yako

9 Septemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote.

Najua tarehe imepita. Niliketi mezani mara nyingi. Kila nilipoandika kwamba kosa lilikuwa langu na sahihisho lako, niliwaona wakubwa wangu wakiulizana makala hii ni ya nani hasa. Tena ingeonekana ni upendeleo wa ndugu kwa ndugu. Pengine mwakani masharti ya umri yatalegezwa. Nitaulizia. Tafadhali usinikasirikie.

Mdogo wako,
Haraka

14 Mei

Dada,

Shikamoo. Miezi minane umenyamaza, na barua zangu tatu hazikujibiwa. Mama yu hali gani?

Nimealikwa kuhutubia mkutano mkuu wa wanafizikia tarehe 10 Juni. Nitaeleza kwa nini diski hizi hukaa baridi na kimya kwa miezi, zikijikusanyia gesi, kisha joto likafika kipimo fulani zikawaka kwa siku chache, halafu zikapoa tena. Lakini diski yangu inawaka na kuendelea kuwaka. Haipoi, haina kimya. Katika rasimu ninayoambatisha, kosa liko kati ya ukurasa wa kumi na saba na wa ishirini na moja. Nimelitafuta wiki sita, silioni, na ratiba imeshachapishwa. Nikisimama na hesabu hizi nitaaibika mbele ya watu mia nne. Dada, hakuna mwingine ninayeweza kumwonyesha. Safari hii jina lako litaandikwa, nakuahidi.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakula mwenyewe sasa, na hajakuulizia. Mimi ni mzima. Nimeongezewa darasa jingine la kufundisha, hivyo chaki nakuja nayo mpaka nyumbani.

Rasimu nimeisoma yote, kurasa thelathini na moja. Ukurasa wa kumi na tisa niliurudia mara tatu, hasa mstari wa nne, nikatabasamu kama nilivyokuwa nikitabasamu uliponikabidhi daftari lako la hesabu la darasa la sita. Katika mstari huo palikosekana mkato. Nimeuweka.

Kwingineko lugha haina kosa. Nakutakia hotuba njema.

Ni mimi,
Ndugu mmoja