Chupa Sita za Maji Meupe

Jumanne, 14 Februari 1911

Nimepata kazi! Mimi Nikodemo, niliyesomeshwa Mvumi, sasa ni karani wa mto. Bwana Hartwig, Mdachi mpima mito, amenipa daftari, rula na chupa sita. Mto ukifurika niingie na kamba kiunoni, nijaze chupa katikati ya mkondo. Niziache siku mbili, tope litulie, nilipime.

Bwana anapenda tope kuliko watu. Leo kanichorea bahari mchangani. Karibu na pwani, chini ya maji, nchi ni tambarare kama baraza ya nyumba, halafu inaporomoka kwenye kina. Tope letu la Ugogo, asema, hufika huko, likakaa barazani. Mawimbi makubwa huliamsha, likasogea, likakaa tena, mpaka siku moja linadondoka ukingoni. Sijaiona bahari. Lakini nimecheka — kumbe nusu ya shamba la shemeji Mazengo, mume wa dada Raheli, iko kule!

Alhamisi, 9 Machi 1911

Nimeharibu. Jumatatu nilikwenda Mvumi kumwona mchumba wangu Loisi, bila ruhusa. Mbingu ilikuwa kavu kabisa! Chupa nilimwachia dada Raheli: mto ukija, jaza. Mto ukaja siku hiyo hiyo.

Leo nimezikuta mlangoni pake, zote sita, zimefutwa vizuri. Maji meupe pe! Nikamwuliza kachota wapi. Mchangani, asema, kwenye shimo alilofukua kando ya mto. Akanishangaa: mgeni hapewi maji ya tope, Niko, unataka Mzungu aseme hatukufunzwa kwetu? Alikuwa amefurahi sana. Sikuweza kumkemea. Kosa si lake.

Na mto umekwisha kupita.

Ijumaa, 10 Machi 1911

Bwana karudi kutoka Kondoa. Hakutaka chupa, alitaka daftari. Nikaandika mbio mbio: tope, nusu ya ukucha. Mara sita. Nilifikiria hamsa ishirini, vile viboko ishirini na tano vya serikali. Mwezi uliopita nilimwona mtu aliyepigwa, wiki nzima alilala kifudifudi.

Bwana akanipigapiga begani. Gut, gut! Ndiyo vema ya kwao.

Jumapili, 2 Aprili 1911

Sikwenda kanisani.

Bwana amesema mto huu hauna tope, basi hapa patajengwa bwawa la ng'ombe na watu wa stesheni. Litadumu miaka thelathini. Tuta litakuwa pale mto ulipo mwembamba, upande wa juu wa tembe, nyumba ya Mazengo. Mazengo akauliza kama ahame. Bwana akafungua daftari langu, akamwonyesha kwa kidole. Mazengo hajui kusoma. Alitazama ule mwandiko wangu, akaridhika.

Ningesema pale pale. Nilikohoa tu.

Jumamosi, 11 Novemba 1911

Tuta limekwisha. Raheli aliwapikia wafanyakazi ugali na mlenda, na kila aliyenyoosha mkono kunawa aliambiwa: mdogo wangu ndiye aliyepima maji haya. Sikula. Akaniuliza kama naumwa, nikasema tumbo.

Mwongo tena.

Alhamisi, 28 Desemba 1911

Mvua tatu tu! Leo nimezamisha mti wa kupimia. Tope limefika nusu ya bwawa. Nikapima mara ya pili, ya tatu, mahali pengine. Nusu.

Bwana hayupo. Kashuka pwani kupima tope la kule barazani, na hesabu zangu kachukua. Atalikuta limejaa, atashangaa limetoka wapi. Nimeanza barua. Nimeichana. Nani atamfikishia, na mpaka ajibu?

Raheli ana watoto wanne. Naandika hivi ili niione hesabu hii pia.

Jumatano, 17 Januari 1912

Asubuhi. Mvua tangu jana. Bwawa limekuwa tope tupu, maji hayana pa kukaa, yamebakiza shubiri moja kufika juu ya tuta. Nimekwenda kwa dada nikamwambia ahame. Akacheka, akakoroga uji. Maji umeyapima wewe, asema, niogope nini?

Basi nikamwambia. Mvumi, Loisi, shimo la mchangani, nusu ya ukucha. Yote.

Aliweka mwiko chini. Akasema: kumbe ni chupa zangu. Nikasema hapana dada, zako zilikuwa za heshima, uongo ni wangu. Akauliza nimejua tangu lini. Tangu Machi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alimbeba mdogo mgongoni, akawashika wengine mikono, tukapanda huku kilimani. Naandika chini ya ngozi ya ng'ombe, karatasi inalowa.

Mazengo amekataa. Yuko chini na ndama zake, anaimarisha zizi. Tumemwita mpaka sauti zimekauka. Anatupungia mkono. Amejibu mara moja tu, tukasikia vizuri: shemeji alipima, Mzungu alinionyesha!

Raheli amenigeukia mimi.

Upande wa kulia maji yamekwisha kuvuka tuta, membamba, mekundu. Daftari namwachia dada. Nashuka kumwambia Mazengo