Tumbo la Mwanasesere

Kwa dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepunguza maudhi. Sisi huku hatujambo, ila kichwa changu hakijatulia tangu Alhamisi.

Kwanza ujue kwamba kaka yako si yule fundi makochi uliyemzoea. Siku hizi hospitali kubwa ya hapa haifundishi nesi hata mmoja bila mimi. Matroni alinifuata mwenyewe karakana, akakaa kwenye kiti kisicho na springi bila kulalamika. Alisema manesi wanatakiwa kujifunza kupitisha mpira wa kulishia puani kwa watoto wasioweza kumeza, na mwanasesere wao wa mazoezi ametafunwa na panya. Nikamshonea mwingine kwa siku nne, wa sponji na ngozi ya makochi. Nilimtia mirija miwili kooni, mmoja wa kwenda kwenye mfuko wa mapafu, mwingine kwenye mfuko wa tumbo. Mashavu yake usiseme. Daktari mmoja alipita akauliza mama wa mtoto huyu yuko wapi.

Alhamisi, siku ya mtihani, nilialikwa kukaa mbele. Wa kwanza kuitwa alikuwa binti yako. Alipima mpira kuanzia puani, hadi sikioni, hadi tumboni, akatia alama, akaupitisha taratibu kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Halafu akavuta maji kidogo kwa bomba la sindano na kulowesha kikaratasi cha kupimia. Kikibadilika rangi, mpira uko tumboni, unamimina maziwa. Kikaratasi hakikubadilika. Akatoa, akarudia. Mara ya tatu, vilevile.

Mkufunzi akampapasa mwanasesere, akasema mpira uko tumboni kabisa, amimine. Binti yako akajibu kwamba anamheshimu, lakini ni yeye aliyewafundisha kuwa kikaratasi kisipokubali, mtoto halishwi, kwa sababu maziwa yakiingia kwenye mapafu yanaua. Chumba kizima kikachafuka. Nesi mmoja wa siku nyingi akasema wao walikuwa wakipuliza hewa na kusikiliza tumbo likinguruma, na watoto wakakua. Mkufunzi akasema mngurumo hudanganya, hata pafu hunguruma. Wengine wakajaribu, majibu yaleyale. Mkufunzi akalaumu vikaratasi, matroni akanitazama mimi. Nikaapa kwamba tumbo la mwanasesere yule ni zima kuliko langu.

Mwisho binti yako akaandikiwa kuwa hajafaulu, kwa kukataa maelekezo. Wenzake wakatoka wakisema Jumatatu watarudi kwenye kupuliza hewa, na wodini kuna watoto wa kweli wanaosubiri maziwa.

Jana alikuja kwangu, akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa. Aliniambia, mjomba, sijui tena ninachokijua. Kama kikaratasi ni cha kweli, mbona nimefeli, na kama ni cha uongo, mimi nimeshalisha watoto wangapi kwa kubahatisha? Ameandika barua ya kuacha kazi, anaipeleka Jumatatu. Nami nikazidi kuchanganyikiwa, nikamuuliza kikaratasi chenyewe kinataka nini hasa. Akanieleza kwamba tumbo la mtu lina uchachu na mapafu hayana. Kikaratasi hubadilika kikigusa uchachu, na ndiyo maana matroni alitoa chupa ya maji ya limau ya kutiwa kwenye tumbo la mwanasesere.

Dada, jasho lilinitoka hadi kwenye vidole vya miguu. Nikamwambia nina mgonjwa wa kumtazama, akaondoka.

Kesho binti yako atakuja kwako. Dereva anayekuletea barua hii atafika leo jioni, basi binti akija umsomee, na ile barua yake ya kuacha kazi uichane. Mwambie hajakosea hata kidogo, kikaratasi nacho hakijakosea. Jumatatu alfajiri nitasimama mlangoni kwa matroni kabla manesi hawajaingia wodini, niyaseme haya haya mbele ya mkufunzi, na wanicheke wanavyotaka.

Wasalimie shemeji na watoto, na majirani wakiuliza, sema nimechoka na kazi.

Siku niliyomjaza mwanasesere maji, karakana ilikuwa na joto kama tanuri. Nikajiambia sponji haijui tofauti ya maji ya limau na maji ya bomba. Ya limau niliyanywa mimi, dada, chupa nzima, kwa vijiko vinne vya sukari.

Ni mimi kaka yako,
Fundi