Mkojo Uliokuja kwa Chupa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimepungua. Mimi sijambo, ila naandika kichwa kikiwa na bandeji, na jino moja la mbele limeniaga. Aliyenipiga ni mwanao.

Tingatinga wako alikuja hapa maabara kupimwa mkojo kama una dawa za kulevya, kabla ya kukabidhiwa lori la mafuta. Nilipokishika kikombe chake kilikuwa baridi. Mkojo uliotoka sasa hivi huwa na joto, dada. Ule ulilala kwenye chupa. Nikamvuta pembeni nikamuuliza kama ananiona mimi zuzu. Akakiri kwamba rafiki zake huvuta bangi karibu naye, akaogopa, ndiyo maana akaja na mkojo wa mtu asiye na doa. Nilimrudisha chooni, nikasimama mlangoni. Wa kwake ukatoka safi!

Ningeishia hapo. Lakini unaujua ubishi wangu: nikachovya kijiti kwenye ule wa chupa pia. Vijiti vyetu mstari ukitokea, hakuna dawa. Usipotokea, dawa ipo. Mstari wa heroini haukutokea. Yeye akashangilia, akasema si unaona, hakuna kitu. Nilipomweleza kwamba mwenye mkojo ule anatumia heroini, alinikaba shingo akanibamiza kwenye friji ya sampuli, akanitwanga ngumi ya mdomo, na nilipoanguka akanivunjia stuli mgongoni. Damu yangu ilichanganyika sakafuni na mikojo ya watu. Alikuwa akinguruma kwamba nimemtukana mama yake. Mpaka mlinzi alipomshushia rungu la bega ndipo akaniachia.

Ndivyo nilivyojua chupa ilikuwa ya nani.

Niliomba Mungu iwe ni dawa yako ya kikohozi, maana kijiti huweza kudanganywa nayo. Nikanawa damu, nikaupeleka mkojo kwenye mashine kubwa, ile isiyodanganyika kirahisi. Ikaonyesha mabaki ambayo heroini peke yake huyaacha. Nililia, dada. Wewe uliyenilea! Na najua kwa nini ulimpa mwanao ile chupa: kumnyima kungekuwa kumwambia.

Leo asubuhi alinibana hadi nikamweleza majibu ya mashine. Alichukua spana ya magurudumu, akaenda kumvunja taya kondakta anayekuletea mizigo, akidhani ndiye anayekuuzia. Masikini, mizigo yenyewe ni sukari na sabuni, naifunga mimi kwa mikono yangu.

Sasa yuko njiani kuja kwako, na spana anayo. Barua nimempa dereva wa basi linalomtangulia. Mpokee. Mwambie ukweli kwa kinywa chako, kisha njooni kwangu wote wawili, matibabu yapo. Lakini atakapopiga magoti akuombe jina la anayekuuzia, usilitaje, hata akilia. Nakufahamu, hujawahi kumnyima kitu.

Wasalimie majirani. Nakupenda mno, wala sikuonei haya.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda