Leo Hakuna Chapati

Edah na Tonny,

Baba ametoka kwenda Chwele kutafuta kuku wa kuwapikia wakwe zetu wa Kitale wanaokuja leo. Atarudi kabla hawajafika. Unga wa ngano msiutafute, Baba ameubeba wote ampelekee shangazi yenu. Na kikaango pia. ~~Mkiulizwa, semeni kimetoboka.~~ Mkiulizwa, semeni nyani ameshuka Mlima Elgon akakiazima, ana wageni.

Sababu ni hii. Asubuhi Mama aliamka mwili wote unauma, ile fibromyalgia yake, na Baba akawa anamkanda mabega. Tangu daktari amwambie ajaribu kuacha ngano, wageni wakija nyinyi mnapika chapati, halafu yeye mnamwekea sahani yake kando, kama kuku mgonjwa. Kwa nia njema, si mnajua. Baba akamwuliza, "Leo panauma zaidi wapi?" Mama akasema, "Baba Tonny, maumivu nimeyazoea. Kula peke yangu mbele ya watu ndio sijazoea."

Baba akamaliza mabega, akaenda jikoni akautoa unga.

Kwa hivyo leo ni ugali wa wimbi, meza nzima. Tonny, songa wewe, mikono ya Mama ipumzike. Usiache mabonge, baba mkwe wako Mzee Kagwe asije akamrudisha binti yake Kitale bure.

Edah, Mama akae katikati, karibu na mama mkwe wa Tonny. Akiomba kuongezewa, mwongezee. Usimwulize kama anaruhusiwa.

Baba yenu