Nafundisha Wenzangu Kulinda Masikio, Mwenyewe Sisikii

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumatano maana nimekosa pa kushika. Mimi ni fundi kwenye kiwanda cha samani, mwaka wa kumi na nne huu niko kwenye msumeno mkubwa wa mashine, na mwaka jana kampuni ilipoanzisha mafunzo ya afya, nusu saa kila Jumatano baada ya chai, wafanyakazi hawakwenda, walikaa nje juu ya mbao wakisema hayo ni mambo ya ofisini, basi muuguzi wa kiwanda akaniomba nifundishe mimi kwa kuwa nina mdomo, nikakubali, na kweli kutoka watu watatu tumefika arobaini, wanauliza maswali, wanavaa barakoa za vumbi bila kusukumwa, mpaka wamenibandika jina la Daktari.

Sasa huyo Daktari hasikii. Sikio la kushoto limekufa, la kulia linavuma kama friji bovu, nikikaa linavuma, nikitembea linavuma, siwezi kutulia mahali. Nawaambia wenzangu wavae vizuia kelele na mimi vyangu vinaning'inia shingoni, maana nikivivaa sisikii hata hicho kidogo kilichobaki. Darasani mtu akiniuliza habari za mgongo namjibu habari za macho, wanacheka wakidhani natania, nami nacheka nao. Nyumbani mke wangu anasema nimeota kiburi, juzi ameniuliza kama nina mwanamke mwingine, nikamjibu aweke mezani, nitakula baadaye.

Lakini lililonileta kwako si hilo. Miezi miwili iliyopita nilikuwa nasukuma ubao na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anapokea upande wa pili, glovu yake ikanaswa, akapiga kelele nizime, akapiga tena, mimi nimeinama nafuata mstari nasukuma tu, hadi fundi mmoja wa kupaka rangi aliponirukia begani ndipo nikabonyeza swichi. Shemeji alipoteza ncha za vidole viwili. Wakubwa walipouliza nikasema swichi ilikwama, wakaibadilisha, yakaisha. Shemeji alipotoka hospitali alinishika mkono akaniambia, "Shemeji, bila wewe mkono wote ungekwenda." Yule fundi wa rangi tangu siku ile akipita ananitazama masikio.

Jumatano hii wanaleta kipimo cha masikio, na muuguzi ametangaza kwamba nitapimwa wa kwanza mbele ya wote ili wenzangu wasiogope. Nimewaza kujifanya mgonjwa, nimewaza kuacha kazi, nimewaza mpaka nimechoka, maana nikisema kweli darasa litavunjika, shemeji atanichukia na kazi itaota mbawa. Nifanyeje?

Fundi wa msumeno

*

Fundi, barua yako nimeipandisha juu ya nyingine zote ili itoke leo Jumatatu. Pole sana. Mlio usionyamaza ni mateso, na kuuficha ni kazi ya pili isiyo na likizo. Pole yangu inaishia hapo.

Wewe unahangaika na Jumatano, mimi nauliza habari za kesho. Kesho asubuhi ni nani atakayesimama upande wa pili wa ubao? Umeniandikia kuhusu aibu yako, jina lako na kazi yako, huyo mtu hukumtaja hata mara moja.

Shemeji yako mwendee leo hii, ana kwa ana, umweleze ulikuwa husikii na swichi ulisingizia. Akikasirika mwache akasirike, usimgeuze yeye awe wa kukubembeleza. Kisha rudi kwa mkeo, umkalishe upande wa sikio lililobaki, umwambie kwa nini unampa mgongo. Mwanamke wa watu anashindana na mtu ambaye hayupo.

Kuhusu kazi, sikufichi, huenda ukapewa barua ya onyo kwa ule uongo. Ipokee. Lakini masikio yako yameharibikia kazini, na hilo si kosa la kuficha, ni jambo la kuandikwa. Mwombe muuguzi aliandike, akupeleke kwa daktari wa masikio, na udai kuhamishiwa kwenye kazi ya mkono, kupima au kupiga msasa.

Na hao arobaini? Hawakukufuata kwa sababu ya uzima wako, walikufuata kwa sababu unakula vumbi moja nao. Pimwa wa kwanza, majibu wayaone. Utakuwa umewafundisha somo ambalo mpaka leo umelikwepa.

Hayo ya Jumatano. Kesho fika mapema, mashine hazijawashwa, umtafute msimamizi umpe maneno manne tu: "Sisikii. Nitoeni kwenye msumeno."